Kampuni ya simu inataka kutujengea maabara ya akili unde: tusaini?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Kampuni ya simu imetufuata ikitaka tushirikiane kutengeneza mfumo wa akili unde (AI) wa kuelewa Kiswahili cha wateja wanaopiga simu huduma kwa wateja. Wanaahidi kompyuta zenye nguvu, nafasi za fildi kwa wanafunzi kumi kila mwaka, na ufadhili wa wanafunzi wawili wa uzamili. Ila rasimu ya mkataba inasema data zote na kila kitakachotengenezwa ni mali ya kampuni, na hatutachapisha chochote bila idhini yao ya maandishi. Wakubwa wangu wanataka tusaini upesi kabla kampuni haijahamia chuo kingine. Mimi moyo unasita. Nasita bure?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Husiti bure, na wakubwa wako nao hawajakosea kuutaka mradi huu. Mradi ni mzuri, rasimu ndiyo mbovu. Ningekuwa mimi nisingeisaini ilivyo, na pia nisingewaacha wageni hao waondoke mikono mitupu. Wangeondoka na rasimu ya pili.

Kila ninapoletewa mkataba wa namna hii huanza na swali moja, nawe naomba uanze nalo: siku fedha zao zitakapokoma, nini kitabaki idarani kwenu?

Nilijifunza kuuliza hivyo kwa kuumia. Miaka kadhaa nyuma niliongoza ushirikiano na kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kazi tuliifanyia kwenye akaunti yao ya seva za mtandaoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi na kasi. Vijana wangu watano walikaa zaidi ya mwaka wakisafisha data na kuzipa lebo, yaani kuandika pembeni ya kila rekodi jibu sahihi ambalo mashine itajifunzia. Kampuni ikabadilisha uongozi, mkurugenzi mpya hakuujua mradi, na Jumatatu moja asubuhi kijana mmoja akasimama mlangoni kwangu ameshika kompyuta mpakato ikiwa wazi. Nywila ilikuwa imekataa. Haikukubali tena hadi leo. Data, lebo, hata mwongozo wa kuwekea lebo ambao tuliuandika wenyewe kwa mabishano ya majuma mazima, vyote vilibaki upande wa pili wa nywila ile. Nilipoufungua mkataba sikukuta sentensi hata moja ya kututetea. Wawili kati ya wale vijana walibadilisha mada ya tasnifu wakiwa mwaka wa mwisho. Sura zao bado ninazo.

Tuanze basi na kitu ambacho nadhani wakubwa wako hawajakipima vizuri, nacho ni sababu ya kampuni kuwafuata ninyi. Simu wanazorekodi ni maelfu kwa maelfu, wahandisi wanao, fedha wanazo. Wanachokosa ni watu wa kukaa na rekodi, kuisikiliza mara tatu, na kuandika kwa uhakika mteja alisema nini. Mama anapiga kutoka kijijini karibu na Tukuyu, upepo unavuma, nyuma yake jogoo anawika, anasema, "Bando langu limekata na sario lote limekwenda, halafu kuna hela nimetuma kimakosa, yule mtu hashiki simu." Nimewahi kuona mfumo uliofundishwa kwa Kiswahili cha taarifa ya habari ukiandika "bandari" kila mteja anaposema "bando". Mfumo haukuwa mbovu. Haukuwahi tu kukutana na mtu wa namna hiyo.

Halafu linakuja jambo linaloonekana dogo. Mama kasema "sario". Anayeandika aandike "sario" kama alivyosikia, au "salio" kama mama alivyokusudia? Mkiandika kama ilivyosikika, mashine inajifunza maneno mawili kwa kitu kimoja. Mkiandika kama ilivyokusudiwa, mashine inajifunza kwamba sauti hizo mbili zinaweza kusimama mahali pamoja, ambalo huenda ndilo mnalolitaka, lakini mwanafunzi wako wa isimu aliyetaka kuchunguza matamshi amepoteza data yake. Na "aah", na "eeh", na neno la Kinyakyusa lililochomekwa katikati, na mtu aliyekatishwa kabla hajamaliza? Maamuzi mia ya aina hii yakikusanywa na kuandikwa ndiyo yanaitwa mwongozo wa lebo, na wanaoweza kuuandika vizuri wako kwenye idara yenu na idara ya Kiswahili mliyopakana nayo. Hicho ndicho mnacholeta mezani. Kompyuta wanazoahidi zinauzwa dukani, mwongozo huo hauuzwi popote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika hili ni wa mihogo, na umetokea hapa jirani. Maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambamo Ernest Mwebaze na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi, ilishirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao iliyoko Namulonge, nje kidogo ya Kampala, ili mashine itambue ugonjwa wa mhogo kwa kuona picha ya jani. Picha nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao. Wataalamu wa Namulonge wakazipa lebo: batobato, michirizi ya kahawia, mnyauko bakteria, utitiri wa kijani, au jani lisilo na ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 seti hiyo ikawekwa kwenye jukwaa la mashindano la Kaggle, linalomilikiwa na Google, na maelfu ya timu kutoka pande zote za dunia zikaishindania.

Picha za mafunzo zilizowekwa hadharani zilikuwa 21,397. Kati ya hizo, 13,158 zilikuwa za batobato. Hebu pima maana yake: mashine isiyojua lolote, inayojibu "batobato" kwa kila jani inaloonyeshwa, ingepata zaidi ya asilimia 61 kwenye picha hizo. Kwa hiyo siku kampuni yako itakapokuja na lengo la usahihi wa asilimia fulani na kutaka liandikwe kwenye mkataba, uliza kwanza asilimia ya nini. Ikiwa simu nyingi ni za kuuliza salio, mfumo wenu unaweza kupata alama nzuri huku haumwelewi kabisa mteja mmoja aliyeibiwa fedha. Andikeni kwamba matokeo yatapimwa kwa kila aina ya tatizo na kwa kila kundi la wasemaji, na kwamba chuo ndicho kitakachotunza sampuli ya kupimia.

Kuna la pili kwenye mihogo ile. Pamoja na wingi wa washindani na kompyuta kubwa walizotumia, timu iliyoshinda iliishia kwenye asilimia 91 na kidogo. Sababu mojawapo iliyozungumzwa sana na washindani wenyewe ni lebo: baadhi ya picha zilikuwa na utata, na jani moja linaweza kuwa na magonjwa mawili. Pale ambapo lebo zinatia shaka, mashine kubwa zaidi haisaidii. Anayesaidia ni mtaalamu anayerudia picha moja moja. Hoja hiyo ibebe unapodai bajeti. Muda wa kuweka lebo na kuzihakiki ndio gharama kubwa ya mradi wenu, na kwenye rasimu uliyonielezea umewekwa kana kwamba ni kazi ya bure ya wanafunzi wa fildi.

Upande wetu wa mpaka, hapa Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wakapiga picha kwenye mashamba ya majaribio ya Bagamoyo. Makala yao ilitoka mwaka 2017, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya simu inayoitwa Nuru, inayomwezesha mkulima kulichunguza jani bila intaneti, kwa kutumia zana huria za Google. Ninachowaheshimu kwacho ni kwamba walirudi shambani kuipima modeli, yaani ile mashine iliyokwisha kufundishwa, ndani ya simu, kwa mkono unaotikisika na jua la saa saba, na wakachapisha kwamba ilifanya vibaya zaidi kuliko ilivyofanya kwenye picha nzuri, hasa pale ambapo dalili ndiyo kwanza zinaanza. Ungekuwepo mkataba kama wenu, wa idhini ya maandishi, sijui kama sentensi hiyo ingeona mwanga. Na wanaoihitaji zaidi ni wanaoanza kazi kama hiyo leo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kuchapisha, kifungu kinachonitia wasiwasi kuliko kile cha umiliki.

Kampuni ina haki ya kulinda siri zake. Lakini mbinu na siri za biashara ni vitu viwili, na historia ya teknolojia hiihii ya kutambua sauti inaonyesha vinavyoweza kutenganishwa. Karibu na mwaka 2009, wanafunzi wa uzamivu wa Geoffrey Hinton kwenye Chuo Kikuu cha Toronto, George Dahl na Abdel-rahman Mohamed, walionyesha kwamba mitandao ya neva yenye tabaka nyingi, programu zinazojifunza kwa mifano, inaweza kutambua sauti za matamshi vizuri kuliko mbinu zilizozoeleka. Wanafunzi wa maabara ile wakaenda mafunzo kwenye kampuni: Dahl Microsoft, Mohamed IBM, na mwenzao Navdeep Jaitly Google. Kila mmoja alikwenda na mbinu, akakuta rekodi nyingi ambazo chuo kisingezipata kamwe. Novemba 2012 ikatoka makala moja yenye majina ya watafiti wa Toronto, Microsoft, Google na IBM kwa pamoja, ikieleza walichokipata. Fikiria hilo, kampuni tatu zinazogombania soko moja zimeketi kwenye ukurasa mmoja na chuo! Rekodi za wateja zilibaki kwa kila kampuni. Mbinu ikaenda kwa ulimwengu wote, na wanafunzi wakapata shahada zao.

Basi kwenye rasimu ya pili futeni "idhini ya maandishi", wekeni muda. Mimi huandika hivi: chuo kitaikabidhi kampuni rasimu ya makala siku 60 kabla ya kuituma, ndani ya siku hizo kampuni inaweza kudai taarifa zake za siri zilizotajwa kwenye kiambatisho ziondolewe, au kuomba muda zaidi ikiwa inaandaa maombi ya hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, siku 60 zikipita kimya, chuo kiko huru. Suala la hataza usilidharau, kwa sababu uvumbuzi ukishatangazwa hadharani kabla ya maombi kupelekwa, kwa kawaida hataza hukosekana, na hofu yao hapo ni ya haki. Ongezeni sentensi ya tasnifu peke yake: hakuna kifungu chochote kitakachozuia mwanafunzi kuwasilisha tasnifu na kuitetea mbele ya mtahini wa nje. Wanafunzi wenu wawili wa uzamili wanaponea hapo.

Sasa umiliki. Maneno "kila kitakachotengenezwa" yanameza hata vitu ambavyo hamjavifikiria, pamoja na programu ambazo huenda mlishaziandika kabla kampuni haijabisha hodi. Orodhesheni kwenye kiambatisho cha kwanza kila upande unaingia na nini, na muandike kwamba vya kwake vinabaki vyake. Halafu mgawane kitakachozaliwa kipande kwa kipande. Rekodi za wateja zibaki kwa kampuni, msizigombee, nitakuambia kwa nini. Maandishi ya rekodi hizo, yakishaondolewa majina na namba, yawe ya kampuni, lakini chuo kiwe na ruhusa ya kudumu ya kuyatumia kufundishia na kutafitia, ruhusa ambayo haifi mkataba unapokufa. Mwongozo wa lebo na programu za kuchakatia ziwe za chuo, na mzitoe kwa leseni huria. Modeli yenyewe, wapeni kampuni upekee katika biashara yao ya simu kwa miaka mnayokubaliana, nanyi mbaki huru kuitumia hospitalini, mahakamani, kwenye kilimo. Kampuni nyingi hukubali kugawana kwa maeneo ya matumizi namna hii, maana hazina mpango wowote na mahakama wala zahanati. Huombi kitu cha ajabu. Uingereza walitoa mikataba ya mfano mwaka 2005, inayojulikana kwa jina la Lambert, ili vyuo na kampuni visianze kila mara na karatasi tupu, na imepangwa kwa viwango tofauti vya nani anamiliki nini. Mwanasheria wa chuo aisome wiki hii, inapatikana bure.

Na muombe kitu kimoja ambacho rasimu haikukiwaza kabisa. Sehemu ya fedha igharimie kurekodi watu wa kujitolea wakisoma sentensi za Kiswahili, watu wa Mbeya, wa Njombe, wa Rungwe, wazee kwa vijana, na rekodi hizo ziingizwe kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao Kiswahili kimo na sauti zake mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Kampuni itafaidika kwa kuwa modeli yake itasikia lafudhi nyingi zaidi. Ninyi mtabaki na kitu ambacho hakuna nywila ya mtu inayoweza kukifungia.

Kuhusu rekodi za wateja nilisema msizigombee. Sikiliza simu kumi tu za huduma kwa wateja na utajua sababu. Mteja anamsomea mhudumu namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, anataja jina la mumewe, kiasi alichotuma na aliyemtumia. Wapo wanaotaja hata namba ya siri bila kuulizwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na kwa lugha yake kampuni ni mkusanyaji na ninyi mtakuwa wachakataji. Yule mteja aliambiwa simu inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Hakuambiwa kwamba sauti yake itafundishia mashine, wala kwamba kijana wa mwaka wa tatu ataisikiliza kwa visikilizio. Kabla rekodi moja haijavuka geti la chuo, kampuni ieleze kwa maandishi inategemea msingi gani wa kisheria, iondoe majina na namba kwa upande wake, na nanyi mthibitishe usajili wenu kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kazi ya kusikiliza ifanyike kwenye mashine isiyo na intaneti, ndani ya chumba kinachofungwa. Kama wanapanga kupeleka rekodi kwenye seva za nje ya nchi, hilo lina masharti yake na ni mzigo wao, lisije likaandikwa kwa jina la chuo. Hapa usimwonee mtu haya, hata mkuu wako.

Nije kwa wanafunzi, maana najua ndio waliokufanya uniandikie.

Nafasi kumi za fildi zinapendeza kwenye hotuba. Lakini wewe na mimi tunajua wiki nane za fildi zinavyokwenda. Wiki ya kwanza ni kitambulisho cha getini, ya pili ni kusubiri mtu wa kompyuta afungue akaunti, ya tatu mwanafunzi anapewa jedwali la kujaza, na anapoanza kuelewa kinachofanyika, logibuku inatakiwa. Kwenye akili unde, ambako kuielewa tu data ya mtu kunachukua miezi, wiki nane hazimfikishi popote. Ningebadilisha kumi hao kwa wanne, wakae mwaka mzima, siku tatu kampuni na siku mbili chuoni, wakilipwa.

Ufaransa wana utaratibu huu tangu mwaka 1981, unaitwa CIFRE. Mwanafunzi wa uzamivu anaajiriwa na kampuni kwa miaka mitatu, utafiti wake unasimamiwa na maabara ya chuo, na serikali inaipa kampuni ruzuku kila mwaka kwa ajili yake. Pande tatu, mkataba mmoja, na mwanafunzi ana wasimamizi wawili wanaotakiwa kusemezana. Maabara ya Facebook ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilichukua wanafunzi kwa njia hiyo, na Guillaume Lample, aliyesomea uzamivu wake hivyo, baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mistral AI mwaka 2023. Sisi hatuna ruzuku ya namna hiyo, lakini umbo lake linaigika kesho asubuhi: ajira halisi, mada iliyokubaliwa na pande zote mbili, na mhandisi wa kampuni aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba, mwenye saa kadhaa kila wiki za kukaa na mwanafunzi. Kwenye jina hilo shikilia sana. Mradi wangu ulikufa kwa sababu ulikuwa wa mkurugenzi, haukuwa wa mhandisi yeyote.

Kisha jiandaeni kuwapoteza watu. Februari 2015 Uber ilitangaza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kwenye magari yanayojiendesha. Haikupita miezi mingi, watafiti na mafundi wapatao 40 wa kituo cha robotiki cha chuo hicho wakawa wamehamia Uber. Septemba ileile kampuni ikakipa chuo dola milioni 5.5 za ufadhili wa masomo na uprofesa. Chuo kikubwa kama kile kilipata mshtuko, sembuse idara yenu. Mwaka 2020 Uber ikaiuza idara hiyo ya magari kwa kampuni ya Aurora.

Simlaumu anayefuata mshahara. Mwebaze niliyemtaja alipita kwenye maabara ya Google ya Accra, iliyofunguliwa mwaka 2019, kisha akawa kiongozi wa Sunbird AI mjini Kampala, inayoshughulikia lugha za Uganda, kwa hiyo kuondoka si lazima kuwe hasara. Hinton mwenyewe aligawa muda wake kati ya Toronto na Google kuanzia mwaka 2013. Mnachoweza kuandika ni kwamba kampuni ikimwajiri mtafiti wa mradi kabla haujaisha, itamwachia siku moja kwa wiki ya kuwasimamia wanafunzi wake hadi wamalize, na italipia mbadala wake. Ni sentensi mbili tu, na mwanafunzi hatabaki yatima katikati ya tasnifu.

Kompyuta nitazipitia haraka. Kadi za GPU, zile zinazofanya hesabu nzito za akili unde, hula umeme, hutoa joto, na hufa. Muulize nani analipa bili, nani ananunua kiyoyozi, fundi ni wa nani, na baada ya mkataba mashine ni za nani. Kama jibu ni kwamba mtazitumia kupitia akaunti yao ya mtandaoni, wekeni sharti la nakala ya kazi yote kwenye seva ya chuo kila mwisho wa wiki. Hilo nimelilipia tayari, wewe usilipe tena.

Mkipata nafasi, tafuteni mfadhili wa pili hata awe mdogo. Shahada ya uzamili ya akili unde ya AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzishwa Kigali mwaka 2018, ilifadhiliwa na Facebook na Google kwa pamoja, kampuni ambazo kila siku zinanyang'anyana watu walewale. Fedha zikitoka mifuko miwili, hakuna mmoja anayeweza kukuamulia mtaala kwa kutishia kuondoka.

Limebaki la wakubwa wako na haraka yao. Usiende kwao na hotuba ya uhuru wa kitaaluma. Wapelekee vitu viwili: kile kifungu cha siku 60, ili waone kwamba kampuni haipotezi siri yoyote, na karatasi ya ukurasa mmoja inayoonyesha saa za kuweka lebo na thamani yake kwa shilingi. Mkuu wa chuo akiona kwamba chuo kinachangia mradi kwa kiasi kinachokaribia cha kampuni, ataacha kuzungumza kama anayeomba.

Na kwa kampuni, omba kikao na wahandisi wao, achana kwanza na watu wa masoko. Kabla ya kikao, chukua simu yako, warekodi watu ishirini mnaofahamiana nao, kwa ridhaa yao ya maandishi, kila mmoja akijifanya amepiga huduma kwa wateja: mpishi wa kantini, mlinzi, mama ntilie wa getini, dereva wa bajaji. Pitisheni rekodi hizo kwenye mfumo wowote wa bure wa kutambua Kiswahili, kisha mziandike ninyi wenyewe kwa mkono. Siku ya kikao weka karatasi mbili mezani, ya mashine na yenu, halafu ucheze rekodi ya kwanza. Rasimu yenu ya pili nitumie siku mbili kabla, nitaisoma usiku huohuo.